Kiti Kilichotolewa Sadaka

Kiti cha mtoto kilitoka kwenye lile gari kikiwa na afya kuliko sisi. Maneno hayo aliyasema mama mkwe wangu, na watu wote waliokuja kutupa pole nyumbani kwake Ipogolo, Iringa, wakacheka. Mimi nikacheka nao.

Tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda kwake. Mume wangu alikuwa anaendesha, mimi nimekaa pembeni yake, watoto wako nyuma kila mmoja kwenye kiti chake: binti wa miaka minne, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa. Tulikuwa tumeshaipita Rujewa, barabara imenyooka, mpunga huku na huku, nami nimeanza kusinzia. Ng'ombe wakaingia barabarani. Mume wangu alifunga breki na gari likasimama. Pikapu ya mchele iliyokuwa nyuma yetu haikuwahi kusimama. Ilitugonga, ikatusukuma nje ya lami mpaka tukavaa ukingo wa kalavati. Ng'ombe hakuguswa hata mmoja, walivuka taratibu wakaendelea na safari yao.

Binti alipiga kelele, na kelele ile naikumbuka kwa shukrani, kwa sababu mdogo wake alikuwa kimya. Shingo yangu ilikataa kugeuka. Nilikuwa namwita na hanijibu, na mume wangu ameng'ang'ania usukani anasema, "Tumepona, tumepona," nami natamani kumzaba kofi, kwani amejuaje kwamba tumepona wakati hajatazama nyuma? Nikafungua mkanda, nikapanda juu ya siti kwa magoti. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti chake, macho wazi, biskuti mkononi, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemfanyia. Kisha akaangua kilio. Tangu siku ile mtoto akinyamaza chumba cha pili naacha chochote ninachofanya nakimbia kumtazama.

Hospitali waliwapima wakasema hawana kitu. Mabegani walikuwa na alama nyekundu za mikanda, basi. Daktari alizigusa kwa kidole akasema, "Hii mikanda ndiyo imewabakiza hawa." Alisema kwa nia njema kabisa, nami nikaomba nikae chini.

Tulikaa Ipogolo siku kadhaa, gari likiwa limekokotwa kurudishwa Mbeya. Nyumba ilijaa watu, kuku wakachinjwa, mchungaji akaja kuomba. Kila lori lililokuwa linateremka pale na kupuliza breki, mimi nilisimama. Wageni walidhani nasimama kwa heshima ya mtu anayeingia. Sikuwasahihisha.

Kiti cha binti kilikuwa kimevunjika ubavu, hakikuhitaji mtaalamu. Mama mkwe alikitupa bandani, na haikupita muda kuku mmoja akakipenda akaanza kutagia humo. Cha mdogo hakikuwa na mkwaruzo. Nilikivua kitambaa ili nikifue, maana kilikuwa na maziwa na matapishi ya safari nyingi, na chini yake nikakuta maandishi kwenye plastiki, ya lugha nyingi. Ya Kiingereza nikayaelewa. Yalisema kiti kikishapitia ajali kubwa kisitumike tena, hata kama kinaonekana kizima.

Nikakigeuza juu chini. Pale mkanda wa gari unapopita palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ule weupe unaotokea kwenye beseni la plastiki likikunjwa. Ukipitisha kidole huhisi kitu. Nilipitisha kidole mara nyingi, kisha nikakibeba kumpelekea mume wangu.

"Hiyo ni biashara ya wazungu," mume wangu alisema nilipomwonyesha. "Wanataka kila siku ununue kipya." Halafu akanitazama usoni, akaacha utani. "Haya, hatukitumii."

Akamwita mama yake palepale, mimi nikisikia. "Mama, hiki kiti sisi hatukitumii tena."

"Haya baba," mama yake akajibu, akakibeba kukipeleka stoo. Nikaona limekwisha hilo.

Tulirudi Mbeya kwa basi. Nilimpakata mwanangu nikamkaza hivi mpaka akaniuma mkono ili nimwachie. Gari lilipotoka gereji, limenyooshwa na kupakwa rangi isiyofanana sana na ile ya zamani, mume wangu alilifurahia kama mtu aliyepokea mgeni. Mimi nilikataza watoto wasilipande mpaka viwepo viti. Shule ya awali ya binti haiko mbali, lakini hata huko alikwenda kwa miguu, tunavuka barabara nimemkamata kiganja mpaka analalamika.

Nikaanza kutafuta. Mjini kwenye duka la vitu vya watoto walikuwa navyo vipya, vya rangi nzuri, na boksi lina picha ya mtoto anacheka. Nilibonyeza ubavu kwa kidole gumba na ubavu ukaingia ndani. Kingefaa kumkalisha mtoto akinywa uji. Dada wa dukani aliniambia wateja wote wanavisifia. Nikamuuliza kama kuna mteja yeyote aliyegongwa navyo akarudi kuvisifia, na hakupenda swali langu.

Nikaenda sokoni Mwanjelwa, kwa mzee mmoja anayeuza mtumba wa ng'ambo: baiskeli, vigari vya kusukumia watoto, na rundo la viti vya gari kwenye turubai. Alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia safi, mwenye Kiswahili cha Pwani alichorithi kwa wazazi wake ingawa yeye amezaliwa hapahapa Mbeya. Vile viti vilikuwa vigumu, vizito, vya kueleweka. Nilianza kuvigeuza kimoja kimoja nikitafuta mstari mweupe.

"Mama, vyote hivyo vizima," akasema. "Chagua rangi tu."

"Hiki kilipata ajali?"

"Mimi nilikuwepo?"

"Aliyekuuzia hakukwambia?"

"Mwanangu, vimekuja kwenye kontena, vimelaliana na mabeseni. Nani aniambie?"

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulinitia hofu zaidi kuliko angenidanganya. Nilikuwa nimeinama juu ya rundo lile, kila kiti kimekaliwa na mtoto wa mtu nisiyemjua, na mikanda imenyooshwa na kuoshwa. Kimoja kilikuwa na kibandiko cha sungura ambacho mtoto alikuwa ameanza kukibandua akaachia katikati. Nikajiuliza aliachia kwa nini. Nikakirudisha chini haraka, nikaondoka bila kuaga. Nikarudi siku nyingine, na nyingine tena, navigeuza vilevile, mpaka jirani yake muuza baiskeli akawa akiniona ananiuliza, "Umekuja kuwasalimia?"

Nadhani mzee alinichoka. Au alinihurumia, sijui. Siku moja aliniangalia muda mrefu, akasema, "Unachotafuta wewe ni kiti chenye mdomo. Hapa sina." Akatoa simu akampigia mkwewe, mke wa mwanawe. Wajukuu zake walikuwa wamekua, viti vyao viwili vimekaa tu kabatini, kimoja kidogo kimoja kikubwa. Nikaenda hukohuko nyumbani kwake. Mkwewe akaniambia vilinunuliwa lini, nani alivikalia, gari lao limekwenda wapi na wapi. Nikamwomba aape kwamba havijawahi kugongwa. Alicheka, kisha akaona sicheki. Akaapa. Nikamkumbatia mwanamke wa watu nisiyemfahamu, nikatoka na viti vyangu, kimoja kila mkono.

Mume wangu alivifunga kwa kuvikandamiza na goti huku akivuta mikanda, anahema. Nilivitikisa, havikucheza. Jioni ile nilikula chakula nikasikia ladha yake. Nilikuwa naosha vyombo mama mkwe alipopiga simu. Ilikuwa Jumapili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kwenye sherehe.

"Kamwene mwanangu!" akanisalimu kwa Kihehe. "Leo nimewatolea shukrani."

Kanisani kwao, ibada ikiisha, watu hawaondoki. Wasio na fedha wameleta mayai, mahindi, kuku, mkungu wa ndizi, na mzee wa kanisa husimama nje akavinadi, fedha zikaingia kwenye sadaka. Kuna utani mwingi kwenye mnada ule, yai moja linaweza kupiganiwa na wanaume watatu. Mama mkwe alinisimulia kwamba leo hakukuwa na kitu kilichopiganiwa kama sadaka yake. Mzee wa kanisa alikiinua juu akawaambia watu, "Hiki ndicho kilichombeba mtoto akatoka mzima!" na watu wakashangilia, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Mama," nikasema, "ulitoa nini?"

"Si kile kiti cha mjukuu wangu. Mlisema nyie hamkitumii tena. Kitu kizima, kina baraka, kinakaa stoo kufanya nini?"

Nilifunga bomba la maji. Nikamuuliza nani amekichukua. Akaniambia ni vijana wawili wa kwaya, mume na mke, wana mtoto mchanga kiasi. Mume anafanya kazi Mafinga kwenye mbao, wiki nzima wako huko, Jumamosi wanakuja na gari lao, Jumapili jioni wanarudi. "Wameshamkalisha kabisa. Alipendeza huyo mtoto!"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, ule mstari, yale maandishi, nikamwomba awapigie simu wasimpandishe tena mtoto mle. Upande wa pili ukawa kimya, na mnajua mimi na ukimya. Aliporudi, sauti haikuwa ya sherehe.

"Unataka nikamwambie mtu kwamba nimemtolea Mungu kitu kibovu?"

"Mama, siyo hivyo."

"Ni hivyo. Kanisa zima limeshangilia. Niwaambie nini?"

Kwetu Rungwe nililelewa kwamba mkwe hatupiani maneno na mama wa mumewe, na yeye ni mwanamke aliyenipokea vizuri tangu siku ya kwanza. Nikasema, "Samahani mama." Akasema, "Haya mwanangu, lala salama," akakata. Nikamgeukia mume wangu. Nilimfokea kwa sababu hakusema "kivunjeni", alisema "hatukitumii", na yeye akanifokea kwamba hata mimi nilikuwepo nikasikia. Namba ya wale vijana hatukuwa nayo, na mama yake hakutaka kuitoa. Wiki nzima niliishi na mtoto nisiyemjua sura. Nikiwa kazini, nikiwa napanga foleni sokoni, namwona amekalia ule mstari mweupe, wako barabarani, mbele yao lori, na mama yake ametulia kabisa kwa sababu kiti chake kina baraka. Nilimwogopea kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwenda Ipogolo, watoto kwenye viti vyao vipya. Nilikuwa na hotuba kichwani. Tulipofika mama mkwe alitupokea vizuri, akatuwekea chai, akawashika watoto, lakini mimi aliniangalia kidogo tu. Nikamwacha amalize kumlisha mjukuu. Hotuba yote ikaniishia, likabaki swali moja.

"Mama, leo ungempandisha huyu kwenye kile kiti?"

"Hapana," akajibu upesi, wala hakufikiri. "Wewe si umeshasema kina mstari." Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Akamfuta mtoto mdomo, akamfuta tena mahali palipokwisha kuwa safi. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kingine na simu mkononi.

Aliwapigia. Simu ya kijana haikupatikana. Ya mkewe iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. "Huwa saa hizi wameshafika," akasema, na mimi nikaona kwamba sasa tuko wawili.

Tulikwenda kusimama barabarani, pale wanapoingilia, mume wangu nyuma yetu na watoto. Hatukuwa na la kufanya pale, gari haliji haraka kwa sababu wewe umesimama, ila kukaa nyumbani kulitushinda. Malori yalipita, mabasi yakapita, na kila gari dogo jeupe lililotokea mama mkwe alinishika mkono akaniuliza, "Ndiyo lile?" wakati anayelijua ni yeye. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Mtu mmoja mwenye bodaboda akatuambia kwamba huko mbele kuna foleni, kuna gari limepinduka. Gari gani, hakujua. Mama mkwe alichuchumaa palepale kando ya lami, mama mtu mzima, mjane wa mzee wa kanisa, akaanza kuomba kwa Kihehe. Kihehe changu ni kidogo, lakini nilielewa kwamba haombi sadaka yake ipokelewe. Alikuwa anaomba irudi.

Wakaja. Lililopinduka lilikuwa lori la nguzo, wao walikaa tu kwenye foleni na simu ya mke ilikuwa kwenye mkoba nyuma. Kijana alisimamisha gari alipotuona, anatabasamu, na mtoto alikuwa amelala kwenye kiti cha mwanangu, shingo imeinama upande. Mama mkwe alifungua mlango mwenyewe. Aliweka kiganja kifuani pa mtoto mpaka akaridhika kwamba anapumua.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "kile nilichokitoa kilikuwa kibovu. Mimi sikujua, sasa najua. Nakuomba unirudishie."

"Mama, kile kiti nimekipigania pale mbele ya watu," kijana akasema. "Si ndicho kilimwokoa mjukuu wako?"

"Kilimwokoa. Kikaisha." Akanigeukia nikionyeshe. Tulikitoa, nikakigeuza, nikawaonyesha ule mstari. Nadhani ulikuwa umerefuka, ingawa siwezi kuapa. "Sadaka yako Mungu ameshaipokea," mama mkwe akamwambia. "Mimi nataka kiti tu."

Mkewe alikuwa amemchukua mtoto, amemkumbatia. Hakuwa na hasira. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na hofu yangu yote ya wiki nzima, sikuwa nimeliuliza: "Na kesho tunarudi Mafinga. Huyu nimpakate?"

Iringa hapakuwa na duka ambalo ningeliamini, na wala kusingekuwa na muda. Mama mkwe alitazama chini. Mimi nilikuwa nayajua mawazo ya mume wangu bila kumwangalia, kwa sababu yalikuwa yangu pia: kwamba tumeshafanya letu, tumewaambia, wanajua. Na gari letu lilikuwa limeegeshwa uani kwa mama, na ndani yake kile kiti kidogo ambacho nilimwapisha mwenye nacho kwamba hakijagongwa.

"Chukueni chetu," nikasema.

"Na wetu je?" mume wangu akauliza kwa sauti ya chini.

"Wetu atabaki kwa bibi yake mpaka nipate kingine."

Jumapili asubuhi mama mkwe alikata mikanda ya kile cha zamani kwa kisu cha jikoni, mmoja baada ya mwingine, asije mtu akakiokota. Kisha akavaa akaenda kanisani. Ulipofika wakati wa matangazo aliomba kusema, akawaeleza watu wote walioshangilia Jumapili iliyopita. Hakutaka niende naye. Nilibaki nafunga nguo za mwanangu kwenye mfuko, na nyingi nilizifungua tena kuzinusa.

Tuliaga mchana. Mtoto hakulia, alikuwa anafukuza kuku, hakujua kwamba kuaga kwa leo ni kwingine. Nilimwambia mama mkwe asimpakate kwenye gari la mtu yeyote, hata la mchungaji. Akasema, "Hatoki getini, mwanangu," na nikamwamini.

Tulipokaribia Rujewa nilikaza mkanda wangu kama kawaida. Pale penye kalavati niligeuka nyuma, kama ninavyogeuka kila safari. Binti alikuwa anachungulia ng'ombe dirishani. Pembeni yake siti ilikuwa tupu. Nikashusha pumzi. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kwamba mwanangu hayuko na mimi. Mume wangu akaona machozi, akapunguza mwendo, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia aangalie barabara.